UZI: Mlima wa moto hauna moto. Tuelewane kuhusu volkano, inatokeaje, inalipukaje na inaua kwa njia gani

#1 Mleta uzi

Habari wakuu.

Nimekuwa nasoma mambo ya volkano kwa miaka kadhaa sasa na kila ikilipuka moja mahali fulani naona makosa yaleyale yanarudi kwenye mijadala, nikaja kugundua mengi yanaanzia kwenye maneno yenyewe. Tunasema mlima wa moto, tunasema moshi, tunasema majivu. Maneno matatu na yote matatu yanatupoteza. Moto ni kitu kinaungua, kinataka kuni na kinataka oksijeni, sasa ndani ya volkano hakuna kinachoungua, kule kuna jiwe limeyeyuka basi. Ule moshi sehemu kubwa ni mvuke wa maji na gesi nyingine zikiwa zimebeba vumbi la mawe. Na yale majivu hayana undugu na majivu ya kuni, ni mawe na kioo vimesagika vipande vidogo sana vyenye makali, hayayeyuki kwenye maji na ukiyavuta yanakwangua mapafu.

Sasa tatizo liko hapa: mtu akishaambiwa moto anachoogopa ni kuungua, anakodolea macho ule uji mwekundu unaoshuka, wakati watu wengi sana waliouawa na volkano wameuawa na vitu ambavyo havina wekundu wowote. Tope. Vumbi. Gesi ambayo hata huioni. Hicho ndo nataka tukijadili, uzi utakuwa mrefu nitaweka kwa vipande, mwenye swali aulize palepale.

#2 Mleta uzi

Tuanze na hilo jiwe linayeyukaje, maana hapa napo kuna kosa kubwa.

Wengi tunaamini chini ya miguu yetu kuna bahari ya uji wa moto na volkano ni tundu tu la kutokea. Sio hivyo. Ukipita ganda la dunia, ambalo kwenye mabara lina unene wa kilomita 30 mpaka 40 hivi na chini ya bahari kama 7 tu, unaingia kwenye mantili, tabaka lenye unene wa karibu kilomita 2,900, na hilo tabaka ni mwamba MGUMU. Wa moto sana, zaidi ya nyuzi 1,000, ila mgumu. Tunajuaje? Kuna aina ya mawimbi ya tetemeko ambayo hayawezi kupita kwenye kimiminika, na kwenye mantili yanapita bila shida. Kimiminika halisi kiko chini zaidi, ni chuma, na hicho sio kinachotoka kwenye volkano.

Kwahiyo kwanini mwamba una joto hilo lote na hauyeyuki? Kwasababu umebanwa na uzito wa kila kitu kilicho juu yake. Fikiria rejeta ya gari lililochemsha. Maji mle ndani yanaweza kupita nyuzi 100 na yasichemke, yametulia kwasababu ya presha. Fungua mfuniko uone, yanaruka palepale na hujaongeza joto hata kidogo, umepunguza presha tu. Mwamba wa mantili nao uko hivyohivyo, ukipanda kuja juu presha inapungua na unaanza kuyeyuka wenyewe, sehemu ndogo tu yake sio wote. Hii inatokea pale mabamba ya dunia (vile vipande vikubwa vya ganda vinavyosogea) yanapoachana, kama chini ya bahari katikati ya Atlantiki na kwenye Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Volkano nyingi zaidi duniani ziko chini ya bahari kwenye hizo nyufa, zinatoa lava kila siku na hakuna anayeziona.

Njia ya pili ndo huwa inawashangaza watu. Maji. Pale bamba moja linapozama chini ya lingine linashuka na maji yaliyojificha ndani ya madini yake, likifika kama kilomita 100 chini yale maji yanakamuliwa yanapanda kwenye mwamba wa moto ulio juu yake, na mwamba ukishachanganyika na maji unayeyuka kwa joto dogo kuliko ukiwa mkavu. Yaani maji ndo yanayeyusha jiwe. Japani, Indonesia, Ufilipino, milima ya Andes, ule mzunguko wote wa Pasifiki umejengwa na hiyo kitu.

Ya tatu ni sehemu ambazo joto linapanda kutoka chini sana hata kama ni katikati ya bamba, mfano Hawaii. Chanzo kimekaa palepale, bamba linasogea juu yake sentimita chache kwa mwaka, ndo maana visiwa vimepangana mstari na vile vya kaskazini magharibi ni vikongwe na volkano zake zimeshakufa.

#3 Mchangiaji

Mkuu shukrani, hiyo ya rejeta imeniingia. Swali: kwanini zingine zinatiririka polepole mpaka watu wanaenda kupiga picha, zingine zinapasua mlima mzima? Na inakuwaje inakaa kimya miaka mia tano alafu inaamka?

#4 Mleta uzi

Swali zuri sana hili, na jibu ni rejeta tena.

Lile jiwe lililoyeyuka tunaita magma likiwa chini, likitoka nje ndo lava, vitabu vya shule vinasema zaha. Magma ni nyepesi kuliko mwamba unaoizunguka kwahiyo inapanda, ikifika kilomita kadhaa chini ya uso inakwama inajikusanya. Usifikirie pango limejaa uji, fikiria sponji, punje ngumu nyingi na kimiminika katikati yake. Inaweza kukaa hapo mamia au maelfu ya miaka ikipoa taratibu, mpaka iingie magma mpya kutoka chini au gesi izidi. Pinatubo kule Ufilipino ilikaa kimya kama miaka 500, watu wakalima mpaka mabegani mwa mlima, alafu 1991 ikafanya mlipuko mmoja kati ya mikubwa kabisa ya karne ya 20.

Sasa ndani ya magma kuna gesi imeyeyuka, zaidi ni maji, na hewa ya ukaa, na gesi za salfa. Presha ikipungua zinatoka kama mapovu. Hapo kinachoamua kila kitu ni uzito wa uji wenyewe (uzito wa kunata, sio wa mizani), na uzito huo unaamuliwa na silika, ile iliyomo kwenye mchanga na kioo. Magma yenye silika asilimia 50 hivi ni nyepesi, ina joto la nyuzi 1,100 mpaka 1,200, mapovu yanapanda yanatoka kwa amani na lava inatiririka, hiyo ndo Hawaii. Ikifika asilimia 70 kwenda juu inakuwa nzito mno, mapovu hayana pa kutokea, yanavimba humohumo mpaka yanaipasua magma yenyewe vipande vipande. Na hivyo vipande ndo yale tunayoita majivu! Ukiyaangalia kwa hadubini mengi ni kuta za mapovu yaliyovunjika. Vipande vikubwa ambavyo mapovu hayakuwahi kupasuka ndo lile jiwe linaloelea majini, na baada ya Krakatau ya Indonesia kulipuka Agosti 1883 mawe hayo yalielea Bahari ya Hindi yote mpaka yakafika pwani ya Afrika Mashariki. Mlipuko wenyewe ulisikika kisiwa cha Rodrigues, kilomita kama 4,800 kutoka pale.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa mfuniko kufunguliwa ni St. Helens kule Marekani mwaka 1980. Magma ilipanda ikakwama ndani ya mlima, ubavu wa kaskazini ukaanza kuvimba zaidi ya mita 1 na nusu kwa siku, wiki kadhaa mfululizo, watu wanauona kwa macho. Mei 18 asubuhi likapita tetemeko, ule ubavu ukaporomoka wote kwa mpigo, na kwasababu uzito uliokuwa unabana umeondoka ghafla gesi yote ikafumuka kwa pembeni sio kwa juu. Misitu ililala chini kilomita na kilomita. Wakafa watu 57 na mlima ukabaki mfupi kwa mita 400.

#5 Mchangiaji

Naongezea hapo kwa wanaodhani volkano lazima iwe mlima wa zamani. Mexico Februari 1943 mkulima alikuwa shambani kwake, shamba la mahindi, ardhi ikapasuka ikaanza kutoa mvuke na mawe. Ndani ya siku moja kilima kirefu kuliko nyumba, mwaka wa kwanza ukaisha kina mita zaidi ya 300. Kinaitwa Parícutin. Kiliendelea mpaka 1952 kikazima, kijiji kilifunikwa na lava, kanisa la kijiji cha jirani limebaki mnara umechomoza katikati ya mawe meusi.

#6 Mleta uzi

Asante sana mkuu #5, na kitu kikubwa pale ni kwamba lava haikuua mtu, ilikuwa inatembea taratibu, watu walihama na vitu vyao.

#7 Mchangiaji

Samahani mleta uzi hapo kwa lava sikubaliani na wewe. Nyiragongo ya Congo je? 1977 watu wamekufa na lava. 2002 Goma imeungua. 2021 tena. Usiwaambie watu lava haina shida.

#8 Mleta uzi

Mkuu #7 uko sahihi na nashukuru umeileta, Nyiragongo inahitaji maelezo yake kabisa.

Kwanza nilisema wengi, sikusema wote. Lava nyingi ukiwa mzima unaikimbia hata kwa kutembea, inameza nyumba na shamba lakini mwenye nyumba anaokoka. Nyiragongo ni tofauti kwasababu lava yake ina silika ndogo mno, ni nyepesi ajabu, alafu mlima wenyewe una miteremko mikali na juu kulikuwa na ziwa la lava. Januari 10, 1977 mbavu zilipasuka na lile ziwa likamwagika likaisha ndani ya saa moja, huko juu kwenye mteremko lilishuka kwa kasi ya mpaka kilomita 60 kwa saa. Hiyo hakuna anayeikimbia. Januari 17, 2002 nyufa zilifunguka upande wa kusini zikashuka mpaka jirani na mji, lava ikapita uwanja wa ndege wa Goma, ikakata mji katikati mpaka ikaingia Ziwa Kivu, watu zaidi ya laki moja wakabaki bila makazi. Ila angalia na hapo, baadhi ya waliokufa walikufa kwenye mlipuko wa kituo cha mafuta. Mei 22, 2021 ilikuwa jioni ya Jumamosi, onyo rasmi hakuna, lava ikasimama ikiwa imeshafika ukingoni mwa mji, na miongoni mwa waliokufa kuna waliokosa hewa siku zilizofuata walipojaribu kukatiza juu ya lava ambayo bado ilikuwa inapoa na kutoa gesi.

Hapo ndo nafika kwenye kitu ninachokijali kuliko vyote kwenye uzi huu. Watu wa Kivu wana neno, MAZUKU. Upepo mbaya. Ni sehemu za bondeni, mashimo, mitaro, kingo za ziwa, ambako hewa ya ukaa inatoka ardhini kwenye nyufa na kwasababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida inatuama chini kama maji. Haina rangi, haina harufu ya kukuamsha. Usiku upepo ukitulia inajaa, alfajiri ndo inakuwa mbaya zaidi, jua likipanda na upepo ukivuma inapungua. Mtu mzima amesimama anaweza asihisi kitu wakati mbuzi aliye miguuni kwake ameshaanguka, na mtoto anaanguka kabla ya mama. Na anayeinama kumnyanyua naye anaingiza kichwa mlemle. Nimesoma habari za namna hii na kila mara nafikiria yule wa pili, ambaye alikuwa mzima kabisa mpaka alipoinama.

Na hili neno wanasayansi wa nje wamelichukua lilivyo, kwenye maandiko yao ya Kiingereza na Kifaransa wanaandika mazuku hivyohivyo. Waliokaa na kitu hicho ndo wamekipa jina, na jina halina moto ndani yake.

#9 Mchangiaji

Hii ya mazuku ndo naisikia leo. Inahusiana na lile ziwa la Cameroon?

#10 Mleta uzi

Gesi ni ileile. Ziwa Nyos, usiku wa Agosti 21, 1986. Ziwa liko ndani ya kasoko (shimo la mlipuko) ya volkano, hewa ya ukaa ilikuwa inaingia kutoka chini na kuyeyuka kwenye maji ya kilindini, presha ya maji ikawa imeishikilia miaka na miaka, kitu kikavuruga yale maji na gesi ikapanda yote kwa pamoja (rejeta tena hiyo wakuu). Ikamwagika mabondeni, watu kama 1,700 na maelfu ya ng'ombe, wengine umbali wa kilomita 20 na zaidi kutoka ziwani. Nyumba nzima nzima, hakuna kilichoungua, hakuna lava. Kuanzia 2001 wameweka mabomba marefu yanatoa maji ya chini polepole ili gesi isijikusanye. Ziwa Kivu nalo lina hewa ya ukaa na methane nyingi chini yake na ni kubwa mno kuliko Nyos, Rwanda wanavuna hiyo methane kuzalisha umeme.

#11 Mchangiaji

Na Pompeii, ule mji wa kale wa Warumi? Ile miili ya mawe, si walimwagikiwa na lava?

#12 Mleta uzi

Hapana, lava haikufika pale kabisa. Vesuvius mwaka 79 ilianza kwa kunyeshea mji mawe mepesi na vumbi masaa mengi, mapaa yakaelemewa, alafu ikaja ile kitu hatari kuliko zote, mchanganyiko wa gesi ya moto na vumbi na mawe, badala ya kupanda angani unaporomoka chini ukifuata mteremko kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa, nyingine mara kadhaa ya hapo, joto mamia ya nyuzi. Ukishaiona inakuja kwako umechelewa. Na ile sio miili iliyogeuka mawe, watu walifukiwa, miili ikaoza ikaacha nafasi wazi ndani ya vumbi lililoganda, mwaka 1863 mwanaakiolojia Giuseppe Fiorelli akaanza kumimina plasta mle kwenye nafasi ikatoka na maumbo yao.

Mwaka 1902, Mei 8, kitu hichohicho kilishuka kutoka mlima Pelée kwenye kisiwa cha Martinique kikaingia mji wa Saint-Pierre. Watu kama 28,000 ndani ya dakika chache. Mmoja kati ya wachache sana waliopona alikuwa mfungwa kwenye selo yenye kuta nene.

#13 Mleta uzi

Acha niseme na tope kabla sijajibu mengine maana hii ikinijia kichwani silali vizuri.

Nevado del Ruiz, Colombia, mlima mrefu wenye barafu juu. Novemba 13, 1985 usiku ukalipuka, na kwa viwango vya volkano ulikuwa mlipuko mdogo. Ila ule mchanganyiko wa moto wa gesi, vumbi na mawe ukapita juu ya barafu ukaiyeyusha sehemu, maji yakashuka kwenye mabonde ya mito yakizoa udongo, mawe, miti, yakawa zege inayokimbia. Hii wataalamu wanaiita lahar. Mji wa Armero ulikuwa zaidi ya kilomita 70 kwa kufuata mto, mlima wenyewe usiku ule hauonekani. Tope lilichukua kama masaa mawili na nusu kufika. Masaa mawili na nusu, wakuu! Vilima vilikuwepo jirani, mtu angepanda kwa miguu akapona. Na ramani ya hatari ilikuwa imeshachorwa mwezi mmoja kabla, ikionyesha Armero iko kwenye njia ya tope. Na mji wenyewe ulikuwa umejengwa juu ya tope la mwaka 1845 lililoua watu palepale. Jioni ile vumbi lilinyesha mjini, watu wakaambiwa watulie ndani. Walikufa kama 23,000.

Ukimwambia mtu yuko kilomita 70 kutoka mlima wa moto atakwambia moto hautanifikia. Na kweli moto haukumfikia.

#14 Mchangiaji

Dah. Mkuu mimi niulize ya vumbi sasa, ile 2010 ndege zilisimama Ulaya nzima kwa kamlipuko kadogo ka Iceland, kulikuwa na ulazima?

#15 Mleta uzi

Ulazima ulikuwepo mkuu. Lile vumbi ni kioo, ndani ya injini ya ndege kuna joto la kutosha kukiyeyusha, kinayeyuka kinaenda kuganda kwenye mapanga ya injini na hewa inakosa njia. Juni 1982 ndege ya British Airways iliingia kwenye vumbi la Galunggung huko Indonesia usiku, injini zote NNE zikazima, ikashuka ikielea bila nguvu mpaka ilipotoka kwenye wingu ndo zikawaka tena. Rada ya hali ya hewa ya ndege haioni vumbi hilo kwasababu ni kavu. Kwahiyo 2010 zilipofutwa safari kama 100,000 kwa ajili ya Eyjafjallajökull hasara ilikuwa kubwa, wakulima wa maua wa Kenya walitupa mzigo wakati wako mbali kabisa na Iceland, lakini hakuna ndege iliyoanguka.

Chini nako, vumbi likiloa linakuwa zito sana. Siku Pinatubo inalipuka, Juni 15, 1991, ilikutana na kimbunga, mvua ikanyeshea vumbi juu ya mapaa na wengi wa waliokufa siku hiyo waliangukiwa na mapaa. Karthala ya Comoro ilipolipuka 2005 vumbi liliingia kwenye matangi ya maji ya mvua, na kule wengi maji yao ya kunywa ndo hayo. Kwahiyo likianza kunyesha funika maji kwanza, barakoa, miwani sio lenzi za kuweka machoni, paa lifagiliwe kabla halijalowa na likijaa sana usipande wewe toka chini yake, na kioo cha gari usipanguse kikavu kinachubuka.

#16 Mchangiaji

Nimeona sehemu wanasema joto la dunia kupanda ni volkano sio viwanda. Ukweli ni upi?

#17 Mleta uzi

Hewa ya ukaa ya volkano zote kwa mwaka ni kama asilimia 1 ya ile inayotolewa na shughuli za binadamu. Kwahiyo hapana.

Tena milipuko mikubwa inafanya kinyume, inapoza. Gesi ya salfa ikifika juu kabisa inageuka matone madogo yanayorudisha mwanga wa jua. Pinatubo ilishusha wastani wa joto la dunia kwa karibu nusu nyuzi kwa mwaka mmoja hivi. Tambora ya Indonesia, Aprili 1815, mwaka uliofuata Ulaya na kaskazini mashariki ya Marekani hawakupata kiangazi, baridi iliua mazao Juni, njaa ikafuata mbali kabisa na huo mlima. Na Laki ya Iceland 1783 ilitoa lava na gesi miezi 8, florini ikaingia kwenye majani, mifugo ikafa, kisha karibu robo ya watu wa kisiwa wakafa kwa njaa na maradhi. Lava iliua nani? Tuseme ukweli, karibu hakuna.

#18 Mchangiaji

Kilimanjaro na Ol Doinyo Lengai usizisahau mkuu, na kama wanaweza kutabiri.

#19 Mleta uzi

Kilimanjaro ni volkano tatu zimeungana, Shira na Mawenzi zimekufa, Kibo imelala, kwenye kasoko yake bado kuna sehemu zinatoa gesi. Hakuna dalili ya kuamka na hakuna sababu ya kumtisha mtu. Meru jirani yake ndo ya juzi kuliko Kilimanjaro, ilitoa kidogo mwaka 1910.

Lengai ni ya pekee duniani. Ndo volkano hai pekee inayotoa lava ya kaboneti, karibu haina silika kabisa, joto lake nyuzi 500 hadi 600 tu, nusu ya lava ya kawaida, inatiririka kama oili chafu na mchana hata haing'ai, unaiona nyeusi kama tope. Baada ya muda mfupi ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe, ndo maana kilele kinaonekana kama kina theluji. Na isidharauliwe, 2007 ililipuka kwa nguvu kweli ikarusha vumbi juu sana baada ya wiki za matetemeko.

Kutabiri inawezekana kwa kiasi. Magma ikipanda inavunja miamba, vinatokea vitetemeko vidogo vingi, mlima unavimba kidogo na hilo satelaiti inaona, gesi zinabadilika. Pinatubo walisoma hizo dalili wakahamisha makumi ya maelfu ya watu siku chache kabla, na hesabu ya waliookolewa ni maelfu. Nyiragongo 2021 dalili zilikuwa ndogo na za karibu mno na muda wenyewe. Kila mlima una tabia yake, na mlima ambao haujawekewa vipimo hausomeki. Nabro ya Eritrea haikuwa na mlipuko wowote kwenye kumbukumbu mpaka Juni 2011 ilipolipuka.

#20 Mchangiaji

Sasa kama hatari ni hizo zote kwanini watu hawahami?

#21 Mleta uzi

Kwasababu mlima unalisha. Vumbi lile likioza kwa muda linatoa udongo wenye rutuba sana, juu kunavuta mvua, chini kuna chemchemi. Joto lake linatoa umeme, Olkaria kule Kenya ni mvuke wa volkano. Hata nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6, zimebaki kwasababu mababu wa kale wa binadamu walipita juu ya vumbi la volkano lililokuwa limeloa mvua likaganda. Mlima unaweza kupita vizazi kumi bila kufanya kitu na mtu ana watoto wa kulisha msimu huu. Mimi siwezi kumwambia ahame. Ninachotaka ajue bondeni hapalaliwi na mto ukinguruma usiku apande juu.

Alafu ombi kwa wajuzi wa lugha. Nimeangalia maneno: volkano limetoka kwa mungu wa moto wa Warumi, kwahiyo nao walianza na kosa letu. Lakini lahar ni Kijava, pahoehoe na aa za kutaja aina za lava ni Kihawaii, mazuku letu. Ile ya Pompeii na Saint-Pierre, gesi na vumbi linaloporomoka, kwa Kiswahili sina neno fupi. Wafaransa waliita wingu linalowaka, tunarudi kwenye moto tena.

#22 Mchangiaji

Gharika ya vumbi? Gharika mtu anaelewa haizuiliki.

#23 Mleta uzi

Nimeipenda, ila ina shida moja. Ukimwambia mtu gharika atapanda kilima, na hiyo kitu inapanda kilima nyuma yako, zingine zimevuka mpaka maji ya bahari. Gharika ya tope tuiweke kwa lahar, hapo kupanda kilima ndo dawa. Kwa hii nyingine tunataka neno ambalo mtu akilisikia anaondoka jana. Tuendelee kutafuta.